Mganga na Malezi ya Vijana

Msafiri wa zamani aliyetoka Bagamoyo kwenda Ujiji hakuwa na budi kupita Tabora. Hapo ndipo njia zilipokutana: moja ikitoka pwani kupitia Mpwapwa na Ugogo, moja ikishika magharibi mpaka Ziwa Tanganyika, na nyingine ikielekea kaskazini, ile aliyoifuata Speke mwezi Julai 1858 alipomwacha Burton hapo Kazeh, akaenda kuliona ziwa ambalo wenyeji wake walikuwa wameliona tangu na tangu. Kwihara, alikokaa Livingstone mwaka 1872, hutembelewa na wageni hadi leo, na miembe mikongwe ingali ikiwapa wapita njia kivuli. Watoto wetu hufundishwa habari hizi shuleni, nasi twafurahi kwamba wanafundishwa.

Lakini njia haichagui mzigo. Iliyopitisha pembe na shanga ndiyo iliyopitisha watumwa, na iliyopitisha watumwa ndiyo iliyopitisha ndui. Mpagazi wa Kinyamwezi aliondoka kwake kijana mwenye afya, akawa mbali na nyumba yake miezi mingi, akarudi, kama alijaliwa kurudi, na nguo, na habari, na pengine na maradhi ambayo mama yake hakuyajua jina. Mwaka 1869 kipindupindu kilipoingia Unguja, alikuwako huko daktari mmoja mgeni aitwaye James Christie. Angeweza kukaa akahesabu maiti. Badala yake aliwauliza wafanyabiashara na wasafiri: ugonjwa huu mliuona wapi, lini, nao ulipita na nani? Mwaka 1876 akachapa kitabu kilichoonyesha kwamba ugonjwa ulikuwa umeshuka kutoka bara, ukifuata njia zile zile za biashara.

Twamtaja daktari huyo si kwa kumtukuza mgeni, bali kwa sababu ya jambo moja tu: hakungoja mlangoni. Na hoja yetu katika makala haya ni kwamba daktari wetu wa leo, katika jambo la mimba za utotoni na magonjwa ya zinaa, amekaa mlangoni. Na sisi wengine, wazazi, walimu na watumishi wa serikali, tumemwekea kiti.

Kwanza tutazame ukubwa wa jambo lenyewe. Uchunguzi wa kitaifa wa afya uliofanywa mwaka 2015 hadi 2016 ulionyesha kwamba katika Tanzania, wasichana 27 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa na mimba ya kwanza. Katika Mkoa wa Tabora walikuwa 43 katika kila 100. Ni jirani zetu wa Katavi tu waliotuzidi, wao wakiwa 45. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulikuta hesabu ya taifa imeshuka hadi 22, na mwenye kushukuru ashukuru. Lakini wasichana 22 katika kila 100 ni zaidi ya mmoja katika kila watano. Mwalimu anayesoma haya na asimame mbele ya darasa lake la wasichana, ahesabu mmoja, wawili, watatu, wanne, watano, kisha ajiulize ni yupi.

Wala tusisahau kwamba huu ndio mji wa shule. Hapa ndipo Mwalimu Nyerere aliposoma kuanzia mwaka 1937, na hapa aliporudi kufundisha baada ya Makerere. Hapa, tangu zama za wakoloni, ilijengwa shule ya wasichana iliyotoa wanawake wengi waliolitumikia taifa. Mji uliowafundisha wengine kusoma haukustahili kuwa katika mkoa unaoongoza kwa kuwatoa binti zake shuleni na matumbo makubwa. Kama tunaona fahari kwa lile la kwanza, hatuna budi kuona aibu kwa hili la pili.

Sasa tuungame jambo letu wenyewe, maana haifai mtu kumsuta mwenzake huku akificha lake. Katika miaka ya 1990 tuliajiriwa ukarani katika ofisi moja ya wilaya. Mojawapo ya kazi zetu ilikuwa kupiga chapa barua za kuwafukuza shule wasichana waliopata mimba, kwa kuwa ndivyo kanuni za wakati ule zilivyotaka. Kila barua iliambatana na cheti cha daktari. Kilikuwa na mstari mmoja, wakati mwingine nusu mstari: mjamzito, wiki kadha wa kadha, sahihi, muhuri. Barua zenyewe zilifanana hata tukazijua kwa moyo. Tulibadilisha jina, darasa na tarehe, basi.

Siku moja alikuja mzee kuchukua barua ya binti yake wa darasa la saba. Aliishika kwa mikono miwili, akatuomba tumsomee, naye akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa upole, “Bwana karani, huyu daktari aliyeandika hapa, alipata kufika shuleni kwao siku nyingine kabla ya siku hii?” Tukamwambia hatujui. Akasema, “Ahsante, bwana,” akatoka. Kwa kweli tulikuwa tunajua. Kulikuwa na siku za kupima mimba, ambapo wasichana walipangwa mstari kila mmoja na kichupa chake, na mpimaji akawaita mmoja mmoja huku wavulana wakichungulia madirishani. Siku hiyo ndiyo iliyokuwa siku ya tabibu kufika shule. Hakuwa amekuja kufundisha, wala kuuliza, wala kuchanja. Alikuja kukamata.

Tangu siku ile swali la mzee yule halijatutoka. Daktari aliyesomeshwa kwa kodi ya wakulima wa tumbaku wa Urambo na warina asali wa Sikonge, aliyefundishwa namna mimba inavyotungwa na namna inavyozuiwa, namna kisonono kinavyoambukizwa na namna kinavyotibiwa, alifika shuleni kufanya kazi ambayo askari angeweza kuifanya. Na binti yule aliyekuwa na habari ya kumwuliza hakuthubutu kumwendea, maana alikwisha kumwona akiwa upande wa wanaofukuza.

Mtindo huo ulidumu miaka mingi nchini, nao umelalamikiwa hadharani. Ni haki kusema pia kwamba mambo yamebadilika. Mwezi Novemba 2021 Serikali ilitoa waraka unaowaruhusu wanafunzi walioacha shule kwa sababu ya mimba warudi masomoni baada ya kujifungua. Waraka huo ulifunga daftari la barua zetu, nasi tulifurahi kuliona limefungwa. Lakini kumrudisha msichana darasani baada ya kuzaa ni kumwokota aliyekwisha kuanguka. Swali la mzee lilikuwa la kabla ya kuanguka, nalo halijajibiwa.

Yako majibu matatu ambayo huwa tunayasikia, nasi tutayajibu moja moja.

Jibu la kwanza husema: kazi ya daktari ni kutibu, malezi ni ya mzazi, ya mwalimu na ya viongozi wa dini. Hayo husemwa na madaktari wenyewe, tena wengine wakiwa watu wema wenye kazi nyingi na dawa chache. Twawaonea huruma, lakini hatukubaliani nao. Nchi yetu ilipotafuta jina la daktari mwenye dhamana ya wilaya, ilimwita Mganga Mkuu wa Wilaya. Neno mganga ni la kwetu, lilikuwako kabla ya hospitali, na mwenye kulichukua neno huchukua na deni lake. Mganga wa jadi, pamoja na makosa yake yote, hakumtazama mgonjwa kana kwamba ameanguka kutoka mbinguni. Aliuliza habari za nyumba: nani amesafiri, nani amerudi, nani amegombana na nani. Hatutetei ramli, ramli imewaonea vikongwe na kumwaga damu katika mikoa hii yetu ya magharibi. Tunatetea swali. Daktari anayemtibu kijana kisonono mara tatu kwa mwaka mmoja bila kumwuliza mwenzake ni nani, wala kumwambia amlete naye atibiwe, hajafanya uganga, ameuza dawa.

Tena, taifa hili lilikwisha kulikataa jibu hilo zamani. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kujisomea na kusikiliza redio, vijiji vikajifunza habari za malaria, kichocho, kuhara na safura, watu wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Hakuna aliyesema wakati ule kwamba kazi ya mganga ni kungoja aliyekwisha kuharisha. Tulielewa kwamba ugonjwa huzuiwa kijijini, wala si kitandani. Ikiwa tuliweza kukaa pamoja, mkwe na mkwe, tukasemezana habari za choo, tumeshindwaje kusemezana na vijana wetu habari za miili yao?

Jibu la pili ndilo lenye nguvu kuliko yote, kwa sababu limevaa kanzu ya utamaduni. Husema: mila zetu haziruhusu mambo haya kusemwa mbele ya watoto; kuyasema ni kuwafundisha uasherati na kuiga Wazungu. Katika kitabu cha utamaduni wa taifa hatuwezi kuliacha jibu hilo lipite, kwa maana ni la uongo.

Ni mila ipi hiyo iliyonyamaza? Pwani, na katika miji yote iliyozaliwa na njia ya misafara, Ujiji na Tabora ikiwamo, msichana aliyevunja ungo alikuwa na somo wake, na kungwi alimfunda faraghani mambo ambayo mama mzazi aliona haya kuyasema. Katika vijiji vya Unyamwezi ilikuwako iwanza, nyumba walimokutana wanaume na vijana, hata wasafiri wa karne ya 19 wakaiandika habari yake. Na wanawake nao walikuwa na mahali pao. Katika chuo cha Kurani, mtoto aliyekaribia kubaleghe hufundishwa twahara, hedhi na janaba, na mwalimu wake hasemi kwamba masomo hayo ni matusi. Hata lugha yetu ni shahidi. Kunga ni mafundisho ya siri. Kungwi ni mwenye kuyatoa. Mkunga ni mwenye kumpokea mtoto. Maneno haya matatu hukaa karibu karibu kwa sauti na kwa kazi, kana kwamba wazee walijua kuwa anayepokea mtoto hana budi kuwa pia miongoni mwa wanaofundisha.

Kwa hiyo kunyamaza si mila. Kunyamaza ni ugeni uliotuingia pale tulipoziacha nyumba za mafunzo za zamani tusijenge nyingine mahali pake. Kungwi ameondoka, somo amekwenda mjini, bibi yuko mbali. Mama anadhani mwalimu anafundisha, mwalimu anadhani mama amekwisha kufundisha, na daktari hadhani kitu. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Na ulimwengu wa leo unafundisha usiku na mchana, katika simu ya mkononi, katika kibanda cha video, katika stendi ya mabasi, wala hautozi ada.

Hatusemi kwamba turudishe yote ya kale. Mengi ya mafundisho yale yalimtayarisha msichana kumpendeza mume kabla hajajua kuupenda uhai wake mwenyewe, na mara nyingi siku ya kuchezwa ilikuwa ni mlango wa kuozwa akiwa mtoto. Hilo na lizikwe. Tunachotaka kurithi ni mambo mawili: kwamba palikuwa na mtu mzima maalumu aliyepewa dhamana ya kusema kweli kwa kijana, na kwamba mtu huyo alitunza siri. Twauliza: katika jamii ya leo, ni nani mwenye elimu ya mwili, kiapo cha siri, na heshima ya kusikilizwa na mzazi na mtoto pia? Hatumwoni mwingine ila daktari, na pamoja naye tabibu, muuguzi na mkunga wa zahanati.

Jibu la tatu husema: sheria inatosha, wafungwe wakosaji. Sheria ipo, tena ni kali. Tangu mwaka 2016, anayempa mwanafunzi mimba au anayemwoa hukabiliwa na kifungo cha miaka 30. Twaiunga mkono, maana mtu mzima anayemharibu mtoto hastahili huruma. Mwaka huo huo Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, iliamua kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vilivyomruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18 vinakiuka Katiba. Na mwezi Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaafiki. Haya ni mambo makubwa. Lakini jela hufunguliwa baada ya mimba kutungwa. Na jela ikiwa ndefu, wazee humalizana gizani: ng'ombe kadhaa hupita zizi hadi zizi, shahidi husahau, binti huhamishiwa kwa shangazi. Mkosaji naye aghalabu hatoki mbali. Tumezoea kusema ni dereva wa lori la Kigoma, ni mpita njia, ni mgeni, kama wazee wetu walivyousingizia msafara. Mara nyingi ni jirani, ni mwenye duka, ni kijana wa bodaboda, na kwa aibu yetu, wakati mwingine ni mwalimu.

Basi daktari anaweza kufanya nini? Tusiseme kwa hisia tu, tutazame yaliyothibitika. Kati ya mwaka 1991 na 1994, hapo kaskazini yetu katika Mkoa wa Mwanza, ulifanyika utafiti katika jumuiya 12 za vijijini. Katika 6 kati yake watumishi wa zahanati na vituo vya afya walifundishwa vizuri kutambua na kutibu magonjwa ya zinaa, wakapewa dawa bila kukatika, wakatembelewa na kusimamiwa, na wanavijiji wakaelimishwa waende kutibiwa mapema. Maambukizi mapya ya virusi vya Ukimwi katika jumuiya hizo yalikuwa pungufu kwa kiasi cha 40 katika 100 kuliko katika jumuiya nyingine 6. Hayo hayakufanyika Ulaya. Yalifanyika katika zahanati za mabati kama zetu, na watumishi kama wetu.

Lakini ni lazima tuseme na upande wa pili, maana mwenye kuficha nusu ya habari hufanana na mwongo. Mwishoni mwa miaka ya 1990, huko huko Mwanza, ulianza mpango ulioitwa MEMA kwa Vijana katika jumuiya 20. Vijana walifundishwa darasani, na zahanati zikatayarishwa kuwapokea. Baada ya miaka kadhaa ilionekana kwamba maarifa ya vijana yaliongezeka, lakini mimba na maambukizi hayakupungua kama ilivyotarajiwa. Wako waliokimbilia kusema, mnaona, kufundisha hakufai. Sisi twaona somo jingine. Kijana hakai peke yake kisiwani. Msichana akijua yote, naye anarudi kwenye nyumba isiyo na sabuni wala daftari, na mwanamume mwenye fedha ya mavuno anamngoja njiani, maarifa yake ni ngao ya karatasi. Daktari asiishie darasani. Aende barazani, aende mnadani, aende chamani kwa wakulima wa tumbaku, awaambie wanaume watu wazima kweli ambayo msichana hawezi kuwaambia.

Na kweli anayo. Yeye ndiye ajuaye kwamba nyonga ya msichana wa miaka 14 aghalabu haijakomaa kupitisha mtoto. Kwamba uchungu ukikwama siku mbili huweza kumwua mtoto tumboni na kumwachia mama fistula, mkojo ukamtoka bila kizuizi, mume akamkimbia. Kwamba matatizo ya uzazi ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya wasichana wa umri huo duniani. Yeye ndiye ajuaye kwamba kisonono kinaweza kukaa kimya mwilini mwa mwanamke na kuziba mirija yake, hata miaka baadaye akaitwa tasa na kufukuzwa na yule yule aliyemwambukiza. Kwamba kaswende huua mtoto tumboni, ilhali sindano ya penisilini ikichomwa mapema humwokoa. Yeye ndiye ajuaye kwamba saratani ya shingo ya kizazi, iwashikayo wanawake wetu kuliko saratani nyingine zote, huanzia kwa virusi viambukizwavyo kwa kujamiiana, na kwamba chanjo yake ipo: nchi ilianza kuitoa mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu mwaka 2024 dozi moja hutolewa kwa wa miaka 9 hadi 14. Mambo haya yakikaa kichwani mwa daktari tu, ni mali iliyozikwa.

Kwa hiyo tunadai haya.

Kwanza, daktari au tabibu wa kata afike kila shule ya sekondari na ya msingi iliyo katika eneo lake angalau mara moja kila muhula, si kwa kupima mimba bali kwa kufundisha na kujibu maswali. Mwalimu amwachie darasa na atoke nje, maana mbele ya mwalimu hakuna swali litakaloulizwa.

Pili, zahanati iwe na saa zake za vijana. Msichana aliyevaa sare hawezi kukaa benchi moja na shangazi yake na jirani wa mama yake, kisha akaitwa kwa sauti kuu aeleze shida yake. Na akifika asikaripiwe. Tumeona muuguzi akimwuliza kijana mbele za watu, “Wewe na umri huo, umeanza lini?” Kijana huyo hatarudi, wala wenzake kumi aliowasimulia. Maradhi yake ataendelea kuyagawa. Mficha maradhi kilio humfichua, lakini huyu hakuyaficha kwa hiari, tulimfundisha kuyaficha.

Tatu, siri. Tangu mwaka 2019 sheria inamruhusu kijana wa miaka 15 kupimwa virusi vya Ukimwi bila kuomba idhini ya mzazi. Ruhusa hiyo haina maana ikiwa majibu yatafika sokoni kabla yake. Lakini siri hii isiwe pango la wahalifu. Mtoto aliyenajisiwa hatunziwi siri ya aliyemnajisi. Hapo daktari ana wajibu wa kutoa habari kwa wenye mamlaka, naye amweleze mtoto tangu mwanzo ni lipi atalitunza na ni lipi hawezi kulinyamazia.

Nne, wavulana. Mafundisho yetu yote humwelekea msichana kana kwamba mimba huja na upepo. Mvulana afundishwe kwamba uanaume si hesabu ya wasichana, na atibiwe pamoja na mwenzake. Wapagazi wetu walibeba mizigo mizito kutoka ziwa hadi pwani, na hiyo ilikuwa sifa yao. Kijana wa leo na abebe mzigo wa tendo lake mwenyewe.

Tano, lugha. Hapa tunasema kama watu wa ushairi. Daktari wetu akifika kwenye jambo lenyewe hukimbilia Kiingereza, na kijana hukimbilia maneno ya kijiweni. Mmoja hasikiki, mwingine hasemeki. Kiswahili kina maneno ya heshima kwa kila kiungo na kila ugonjwa: ubaleghe, hedhi, mbegu za kiume, kizazi, kaswende, kisonono, pangusa. Daktari asiyeweza kumweleza binti wa Kaliua habari ya mwili wake kwa lugha aliyonyonya kwa mama yake, elimu yake bado haijafika nyumbani.

Tunajua tutaambiwa kwamba madaktari ni wachache na njia ni mbaya wakati wa masika. Ni kweli. Lakini hatukuona uchache huo ukizuia safari ya vichupa. Gari lilipatikana, siku ilipangwa, orodha ya majina ilikuwa tayari. Safari ile ile, kwa gari lile lile, ingeweza kuwa ya kufundisha.

Nanyi walimu, msingoje waraka. Andikeni barua kwa mganga wa kata yenu juma hili, mumpe siku na saa. Nanyi wanafunzi mnaosoma kurasa hizi, ulizeni. Kuuliza habari za mwili wenu si utovu wa adabu. Ni adabu kwa uhai mliopewa. Mkimwendea daktari akawafukuza kwa maneno, mwendeeni wa pili, na mwambieni mwalimu mnayemwamini.

Na wewe, Bwana Mganga, hatukuandiki kwa uadui. Usiku mama akikwama uchungu, ni wewe tunayemgongea, nawe huamka. Lakini mzee yule aliyeshika barua kwa mikono miwili alituuliza sisi swali ambalo lilikuwa lako. Sisi tulimwambia hatujui, na tulisema uongo. Akija kwako, umwambie nini?